Buti za skii za kupandia mlima: anza na kisigino, namba zije baadaye

Swali: Nimeteleza kwa skii kwenye vituo vyenye lifti kwa misimu minne, na sasa nataka kupanda mwenyewe kwa ngozi (vitambaa vinavyobandikwa chini ya skii ili zisiteleze kurudi nyuma) na kushuka kwenye theluji isiyoguswa. Buti zangu za sasa ni namba 28. Vidole huniuma na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue buti ya gramu 1,000 kwa kuwa kupanda ndiyo kazi yenyewe. Mwingine anasema nichukue yenye ugumu wa 130 (namba ya jinsi buti inavyogoma kupinda mbele) ili nishuke vizuri. Mguu wangu ni mpana, uzito wangu ni kilo 74, na skii zangu zina upana wa milimita 95 katikati. Siku za lifti ningependa buti hizo hizo zitumike na baindingi zangu za kawaida, yaani vifaa vinavyoshika buti kwenye skii. Nichague ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya gramu na kabla ya 130 kuna jambo kwenye swali lako lililonishtua, nalo ni namba 28 pamoja na kucha nyeusi. Tuanzie hapo, kwa sababu ukikosea hapo hata buti ya bei kubwa kuliko zote itakutesa.

Kucha zikishakuwa nyeusi, wengi hudhani buti ni ndogo na huenda kununua kubwa zaidi. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Buti ikiwa ndefu kupita kiasi, kisigino hakina kinachokishika. Ukitua kwa kishindo au uzito wako ukirudi nyuma ghafla, mguu mzima huteleza na vidole hugonga plastiki. Ukiongeza namba, unaongeza nafasi ya kuteleza, na kugonga kunazidi.

Namba ya buti za skii, inayoitwa Mondopoint, ni urefu wa mguu kwa sentimita. Simama peku, kisigino kimegusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu unaopimwa. Simamisha kitabu mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kutoka ukutani. Pima miguu yote miwili, na upime jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ukipata 26.5 wakati unavaa 28, sitashangaa hata kidogo. Watu wanaofika kwangu na malalamiko kama yako huwa wamevaa namba moja au mbili zaidi ya mguu wao, kwa sababu walipojaribu buti dukani walichagua ile iliyowapa raha ndani ya dakika mbili za kwanza.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha. Ganda la plastiki kwa kawaida halitengenezwi kwa kila nusu namba. Kwenye chapa nyingi 26 na 26.5 hutumia ganda moja, na tofauti iko kwenye soli ya ndani au unene wa kiatu cha ndani, kile laini kinachokaa ndani ya ganda. Chapa nyingine huunganisha 26.5 na 27. Utajua kwa kuangalia namba ya milimita iliyochongwa ubavuni mwa kisigino, tuseme 297. Huo ni urefu wa ganda kwa nje, na namba mbili zenye urefu mmoja ni ganda lile lile. Kwa hiyo usibishane na muuzaji kuhusu nusu namba. Bishana naye kuhusu ganda.

Ganda hupimwa hivi. Vuta kiatu cha ndani ukitoe kabisa. Vaa soksi moja nyembamba, ingiza mguu kwenye ganda tupu, usogeze mbele mpaka vidole viguse plastiki kwa wepesi, kisha kunja magoti kidogo. Mtu mwingine amulike kwa tochi nyuma ya kisigino chako. Pengo kati ya kisigino na plastiki ndilo litakalokuambia kila kitu. Kwa buti za kupandia mimi hutafuta milimita 15, na kwa anayekwenda safari za siku nyingi nitakubali hadi 20. Likifika 10 hiyo ni buti ya anayekubali kuumia kidogo ili ateleze kwa usahihi zaidi. Likizidi 25, irudishe kwenye rafu bila kuijadili. Fundi mzuri hupima kwa kijiti cha mbao chenye kipenyo kinachojulikana, maana vidole vya mikono havilingani unene. Bado ukiwa kwenye ganda tupu, sogeza mguu katikati uangalie pande zake. Kama mfupa wa kidole gumba au wa kidole kidogo umeshagusa plastiki kabla hata ya kiatu cha ndani kurudi, pameshajulikana mahali pa kufanyia kazi.

Rudisha kiatu cha ndani, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu, funga kwanza bizimu za kwenye muundi ili kisigino kirudi nyuma, kisha zile za chini. Ukisimama wima vidole vinapaswa kugusa mbele. Ukisukuma muundi kwenye ulimi wa buti, vidole vinapaswa kuachia. Kaa nazo nusu saa. Kubanwa sawasawa mguu mzima ni dalili njema, na kutalegea kadiri povu la ndani linavyokandamizwa na matumizi. Maumivu ya mahali pamoja, au ganzi inayopanda kutoka juu ya mguu, hayatatoka yenyewe.

Buti ya kupandia hujaribiwa pia ikiwa imelegezwa, na hapa ndipo inapoachana na buti ya lifti. Siku ya mlimani utatumia saa nyingi ukipanda na dakika chache ukishuka. Unapopanda, bizimu zimefunguliwa au zimelegea na swichi ya nyuma iko kwenye hali ya kutembea. Hakuna tena nguvu ya chuma inayokirudisha kisigino chini; umbo la ganda na la kiatu cha ndani peke yake ndilo linalokishika. Kisigino kikipanda milimita chache kila hatua, na hatua ziko maelfu, lengelenge halikwepeki. Kwa hiyo ukiwa dukani weka hali ya kutembea, legeza bizimu, kanyaga ngazi kwa ncha ya buti na ujivute juu, mguu mmoja baada ya mwingine, kwa dakika kadhaa. Ukihisi kisigino kinasugua, hiyo si buti yako, hata kama imesifiwa na kila mtu.

Sasa mguu wako mpana. Upana unaoandikwa kwenye maelezo, kati ya milimita 98 na 103 kwa buti nyingi, hupimwa sehemu pana ya mbele, kwa kawaida kwenye ganda la 26.5, na hubadilika kadiri namba inavyobadilika. Hausemi lolote kuhusu kisigino wala urefu wa mgongo wa mguu. Watu wenye mguu mpana mbele mara nyingi wana kisigino chembamba, na ganda la 103 likawapa raha mbele huku kisigino kikiogelea. Ningependa uchague ganda linaloshika kisigino na kifundo vizuri, hata likibana kidogo pembeni, kisha fundi alipashe moto na kulisukuma nje pale mfupa unapogusa. Kupanua ganda kwa milimita kadhaa ni kazi ya kawaida. Kulipunguza haiwezekani, utabaki kujaza povu.

Hapo aina ya plastiki ina uzito wake. Polyurethane, ambayo ndiyo plastiki ya buti nyingi za lifti, husukumwa kwa urahisi na hukaa ilivyowekwa, lakini ni nzito na huzidi kuwa ngumu baridi ikikaza. Grilamid na Pebax, zinazotawala kwenye buti za kupandia, ni nyepesi na hazibadiliki sana kwa baridi. Nazo husukumwa, ila zinahitaji fundi mwenye uzoefu nazo, na Pebax ina tabia ya kurudi ilikotoka, hivyo kazi inaweza kurudiwa. Sehemu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni usitegemee kuibadilisha umbo. Mwenye kinundu kikubwa kwenye kidole gumba asinunue buti ya namna hiyo kwa matumaini.

Tuje kwenye gramu. Muuzaji wako wa kwanza ana hoja ya kweli: uzito ulio mguuni huchosha kuliko uzito ule ule ukiwa mgongoni, na tofauti si ndogo, kwa sababu unauinua na kuusukuma mbele kila hatua. Lakini gramu 1,000 ni za kundi gani? Buti za mashindano ya kupanda huwa chini ya gramu 800. Kuanzia 1,000 hadi takriban 1,200 kuna buti za wanaokwenda mbali na kwa kasi wakiwa na skii nyepesi. Kuanzia hapo hadi 1,450 hivi ndilo kundi la katikati. Kutoka 1,500 kwenda juu ni za wanaotanguliza mteremko, na buti halisi za lifti huvuka 2,000 kwa urahisi. Hizi ni gramu za buti moja, si jozi, na hutajwa kwa namba moja maalumu, kwa kawaida 26.5 au 27. Hakikisha unalinganisha namba ile ile.

Buti nyepesi haikosi nguvu tu. Mara nyingi hukosa uvumilivu. Plastiki nyembamba hugoma kupinda mpaka mahali fulani, kisha huachia ghafla, na kiatu chembamba cha ndani hakimezi mitikisiko. Kwenye theluji laini hutaona shida. Kwenye ukoko wa theluji uliovunjika saa nane mchana, miguu imechoka na mfuko uko mgongoni, utaiona. Mtu aliyeteleza misimu mingi hujua kusimama katikati ya skii bila kuegemea buti. Aliyezoea lifti kwa misimu minne bado huegemea muundi na hutarajia buti imrudishe. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nikuepushe na ile ya gramu 1,000 kwa sasa, licha ya kwamba ni chombo kizuri mikononi mwa anayekijua.

Na 130? Hakuna kipimo cha kimataifa cha namba hiyo. Kila kampuni hujipangia ngazi zake, na 120 ya chapa moja inaweza kuwa laini kuliko 110 ya nyingine. Kulinganisha 130 ya buti ya gramu 1,300 na 130 ya buti ya lifti ya gramu 2,200 ni kujidanganya: ya kwanza inaweza kuwa ngumu kiasi hicho ukiisukuma kwa mkono dukani, lakini haitapinda kwa namna ile ile wala kutulia kwa namna ile ile. Namba hiyo itumie tu kupanga modeli za chapa moja, halafu uamini muundi wako. Vaa buti, funga, sukuma mbele polepole. Unataka upinzani unaoongezeka hatua kwa hatua, bila ukuta katikati ya njia. Dukani kuna joto, kwa hiyo kumbuka kwamba nje itakuwa ngumu zaidi, hasa ikiwa ni polyurethane.

Kwa kilo 74 na skii za milimita 95 ningekutafutia buti ya gramu 1,200 hadi 1,450, yenye namba ya ugumu kati ya 110 na 120, kisha kisigino ndicho kiamue modeli. Ungeniambia una skii za 110 na unatafuta miteremko mikali karibu na lifti, ningepanda ngazi moja. Ungekuwa unajiandaa kwa safari ya siku nyingi kama ile ya Chamonix hadi Zermatt, ukilala kwenye vibanda vya milimani na kupanda kila asubuhi, ningekusogeza kwenye mwisho mwepesi wa kundi hilo hilo.

Kuhusu kutembea, maelezo yatakuambia nyuzi 55, 60, 70 za mzunguko wa shingo ya buti. Namba hizo hupimwa aghalabu bila kujali kiatu cha ndani kinavyokaza. Fungua buti, weka hali ya kutembea, sukuma shingo kwa kidole kimoja mbele na nyuma. Inapaswa kwenda bila ubishi. Ninajali zaidi mwendo wa kurudi nyuma kuliko wa mbele, kwa sababu kwenye tambarare ndefu ndio unaokuruhusu kurefusha hatua. Mwendo wa mbele huhitajika unapopiga kona za kupanda penye mwinuko mkali, au unapotembea kwa kramponi, vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti ili zishike barafu.

Jingine la kupima ni mwili wako. Weka ncha ya mguu peku sentimita 10 kutoka ukutani, ujaribu kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Ukishindwa, kifundo chako ni kigumu, na buti yenye mwinamo mkubwa wa mbele itakuinua kisigino kila ukipiga goti, hata ganda likiwa sahihi kabisa. Tafuta modeli yenye nafasi mbili za mwinamo uchague ile iliyo wima zaidi, au mwombe fundi aweke kabari ya milimita chache chini ya kisigino. Wengi wamelaumu buti zao miaka na miaka wakati shida ilikuwa hapo.

Kiatu cha ndani nacho si cha kupuuza. Cha povu linaloumbika kwa joto hupashwa dukani kwa mashine au oveni maalumu, kisha unasimama ndani yake kwa dakika kadhaa kikishika umbo la mguu wako. Usikubali kikaumbwa kabla fundi hajamaliza kusukuma ganda na kabla soli ya ndani unayokusudia kutumia haijawekwa, kwa sababu kitaiga makosa yote kama yalivyo. Povu hupungua unene kwa matumizi. Buti inayokubana kwa staha leo itakuwa sahihi msimu ujao, na inayokupa raha kamili leo italegea. Soksi iwe moja, nyembamba, ya sufu au nyuzi za viwandani. Soksi mbili hujikunja, huzuia damu, na mguu hupoa haraka zaidi.

Nimeacha baindingi mpaka mwisho kwa sababu hapo hapana suala la ladha. Ni usalama wa goti na mfupa wa muundi. Baindingi za pini, zilizobuniwa na Mwaustria Fritz Barthel mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kujulikana kupitia Dynafit, hushika buti kwenye vitundu vya chuma vilivyozamishwa mbele na nyuma ya soli. Karibu buti zote za kupandia zinavyo. Baindingi zako za lifti hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: hushika ukingo wa soli na huachia kwa kutegemea soli hiyo iteleze kwenye bamba lililo chini ya ncha ya mguu. Soli ya lifti ya kiwango cha ISO 5355 ni ya plastiki ngumu na bapa, unene wa ukingo wa mbele ni milimita 19 na wa nyuma 30, kwa tofauti isiyozidi milimita moja. Soli ya kupandia ya ISO 9523 ina mpira wenye meno na mbele imepinda ili utembee vizuri. Ukiilazimisha kwenye baindingi isiyoikubali inaweza kuingia, ikabofya vizuri, halafu siku ya kuanguka isiachie, au iachie pasipotakiwa.

Kwa hiyo geuza buti usome soli. Zikiwa za GripWalk, kiwango cha ISO 23223, zinahitaji baindingi yenye alama ya GripWalk au iliyoandikwa kukubali viwango vingi. Zikiwa za ISO 9523 tu, baindingi iwe imetajwa na mtengenezaji wake kwamba inakubali kiwango hicho, na kimo cha sehemu yake ya mbele kirekebishwe. Buti nyepesi kabisa nyingine hazina hata ukingo wa mbele, na hizo ni za baindingi za pini tu. Vilevile hazishiki kramponi zenye waya wa mbele. Baindingi zako zikiwa za zamani zinazokubali ISO 5355 pekee, jibu la swali lako la mwisho ni hapana: ama utumie skii za pini hata siku za lifti, ama ubadilishe baindingi, ama ubaki na jozi mbili za buti. Mimi ningependekeza la mwisho kwa anayeteleza sana kwenye njia ngumu za lifti, kwa kuwa soli laini ya mpira na bizimu nyepesi huchakaa upesi huko.

Hata viwango vikikubaliana, urefu wa ganda jipya hautalingana na wa ile 28 yako. Peleka buti na skii pamoja kwa fundi aliyesajiliwa na mtengenezaji wa baindingi, arekebishe urefu na nguvu ya kuachia kwa uzito, kimo na umri wako, kisha apime kwa mashine. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya msimu, muda ambao utatosha kurudi kwake mara ya pili iwapo mfupa wa pembeni bado unalalamika.